Foleni ya Chembe: Pakiti Hufia Mlango wa Kutokea

Mhadhara kwa mafundi wa mitandao na watumiaji wao, Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru

  Nimeombwa niseme Kiswahili kwa kuwa mafundi wengi waliomo humu ni wa upande wa Kongo, na wengine wanaishi Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa hapa wilayani 2018. Kibemba changu kinatosha kuulizia bei ya samaki, hakitoshi kueleza swichi. Na Kiswahili si mgeni kwenye ziwa hili. David Livingstone alipofika Mweru Novemba 1867, akaenda hadi mji wa Mwata Kazembe, alimkuta pale mtu wa pwani, Muhammad bin Saleh, amekwisha kukaa miaka mingi. Mimi nimechelewa kidogo tu.

Mada yangu ni pakiti zinazopotea. Najua wengine mmekuja mkidhani nitasema habari za bando linaloisha kabla ya siku zake. Hilo ni shauri jingine na lina wenyewe. Mimi nasema juu ya hali hii: umelipia megabiti 20, ukipima unazipata 20, lakini simu ya intaneti inameza maneno, fomu ya kliniki inagoma kwenda, na barua pepe yenye picha mbili inazunguka mpaka chai inapoa. Fundi anaitwa. Anabadilisha waya, haisaidii. Anabadilisha swichi, haisaidii. Bosi ananunua megabiti 40. Inasaidia wiki mbili.

Kabla sijafungua swichi, twendeni kwanza Chembe.

Daraja la Levy Mwanawasa, la hapo Chembe, lilifunguliwa 2008. Kabla yake, lori la samaki likitoka soko la Kashikishi kwenda Copperbelt lilipita Mansa, likateremka Chembe, likakuta mto Luapula na pantoni. Ng'ambo ni Kongo, kama kilomita 70 za ile kona ya nchi iliyochomoza ndani ya Zambia, halafu Mokambo, halafu Mufulira na wanunuzi wake. Barabarani lori lilikwenda mwendo wake. Mtoni lilisimama, kwa sababu malori yaliwasili kwa kasi ya barabara na kuondoka kwa kasi ya pantoni. Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam, nimekua na pantoni ya Magogoni, kwa hiyo maradhi haya nayafahamu. Tairi haina kosa, dereva hana kosa, na ukinunua lori lenye injini kubwa zaidi utakachopata ni kuifikia foleni mapema. Samaki hawakuozea njiani. Waliozea ukingoni, wakiwa wamebakiza mita mia chache za maji.

Swichi ni ukingo wa namna hiyo, wenye poti 24 au 48. Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwenye poti ya gigabiti moja inatoka kwa mikrosekunde 12. Kwenye poti ya megabiti 100 inahitaji 120. Kwenye kiungo cha megabiti 10 inahitaji 1,200, na kwenye zile setilaiti za kilobiti 256 tulizozitumia zamani inahitaji milisekunde 47. Pakiti ni ile ile. Mlango ndio uliobadilika. Sasa kompyuta kumi zenye poti za gigabiti zikielekeza pakiti zake kwenye poti moja inayokwenda mnarani, na poti hiyo ni ya megabiti 100, swichi haina muujiza. Inazipanga kwenye kumbukumbu yake ndogo, ukumbi wa kusubiri ambao mafundi tunauita bafa. Swichi nyingi za ofisini zina bafa ya megabaiti chache tu, na chache hizo ni za poti zote kwa pamoja. Ukumbi ukijaa, pakiti inayofuata inatupwa. Hakuna king'ora, taa haigeuki rangi, na mwenye pakiti hapewi taarifa. Kaunta moja ndani ya swichi inapanda kwa namba moja, basi.

Kaunta hiyo ndiyo kazi yetu leo, na kosa la kwanza la fundi mchanga ni kuichanganya na jirani zake. Ukiiuliza swichi habari za poti itakupa ukurasa mzima wa namba, na zikiwa kubwa zote zinatisha sawasawa. Zitenganishe. Kuna namba za pakiti zilizoingia zikiwa zimejeruhiwa, yaani zile ambazo hesabu ya ukaguzi, CRC, haikukubali. Hizo ni habari za waya: panya ameuguguna, kiunganishi kimeshika kutu kwa unyevu wa ziwa, radi ya msimu wa mvua imeunguza nusu ya poti na kuacha nusu inayofanya kazi kwa kuchechemea. Au upande mmoja umepangwa kusema na kusikia kwa pamoja, na upande wa pili umepangwa kungoja zamu; hapo wa kwanza utahesabu CRC na wa pili utahesabu migongano iliyochelewa. Kwa magonjwa hayo badilisha waya, sawazisha mipangilio, uende zako.

Kisha kuna namba ya pakiti zilizotupwa wakati wa kutoka. Hizi zilifika salama, nzima, zenye afya, zikakosa nafasi mlangoni. Kubadilisha waya kwa ajili ya hizi ni kuipaka rangi pantoni. Na ninasema mlango wa kutokea kwa kusudi, maana mara nyingi fundi anakagua poti ya yule aliyelalamika, akikuta ni safi anaandika kwamba mtandao ni mzima. Fuata mwelekeo wa mzigo. Anayelalamika anatuma au anapokea? Kama anatuma kwenda Lusaka, mlango wa kutazama ni ule unaoelekea mnarani. Kama anapokea, basi pengine pakiti zimetupwa kwenye mtambo wa kampuni inayokuuzia intaneti, mbali na macho yako, na poti zako zote zitakuwa safi kweli. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja huko kusini, watu wa Afrika Mashariki walibaki na intaneti ya kusuasua, na hakuna swichi ya ofisini iliyokuwa na hatia. Mzigo wa njia pana ulikuwa umesukumiwa kwenye njia zilizobaki.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na nitapakalia kidogo.

Fundi anatazama ile poti ya mnarani. Kaunta ya zilizotupwa inasema elfu kadhaa na inapanda. Lakini mstari wa matumizi, juu yake kidogo, unasema poti inatumika asilimia 2. Anakuna kichwa. Poti tupu inatupaje pakiti? Anahitimisha kwamba swichi ni mbovu, na dukani wanamuuzia nyingine kwa furaha.

Wazee wa hapa mtamsaidia kuelewa kuliko mimi. Ziwa linafungwa kwa wavuvi Desemba 1, linafunguliwa Machi 1. Chukua samaki wote waliopita soko la Kashikishi mwaka mzima, gawanya kwa siku 365, upate wastani wa siku. Halafu mpe wastani huo mtu wa Lusaka ambaye hajawahi kufika huku, umwambie apange malori. Wastani ni wa kweli kabisa, hesabu haina kosa, na siku za kwanza za Machi atakuwa amepanga vibaya vibaya: mitumbwi imetoka yote, nyavu zimekaa miezi mitatu zikingoja, na sokoni hapapitiki. Na Januari malori yake yatalala.

Mstari wa matumizi kwenye swichi ni wastani wa namna hiyo, kwa kawaida wa dakika tano. Dakika tano kwa binadamu ni muda mfupi, kwa pakiti ni mwaka. Tufanye hesabu, chukueni kalamu. Seva imeunganishwa kwa gigabiti moja, poti ya kutokea ni megabiti 100. Seva inamwaga data kwa milisekunde tano tu, muda ambao jicho halijamaliza kupepesa. Katika milisekunde hizo tano zinaingia pakiti 416. Mlango umetoa 41. Zimebaki 375. Kama fungu la bafa la poti hiyo linabeba pakiti 100, basi 275 zimetupwa. Tuseme mmwago huo unarudi kila sekunde. Zinazofanikiwa kutoka ni zile 41 na zile 100 zilizongoja, jumla 141 kwa sekunde, nazo ni chini ya megabiti 2. Kwenye poti ya megabiti 100 hiyo ni asilimia 2. Sekunde yote iliyobaki mlango uko wazi, hauna mtu. Swichi haikusema uongo hata kidogo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuushusha wastani. Swichi nyingi zinakubali sekunde 30. Ukubali, ingawa sekunde 30 nazo ni nyingi mno. La maana zaidi ni kuiandika kaunta ya zilizotupwa mara kwa mara, kila dakika ikiwezekana, pamoja na saa. Jumla haina habari. Elfu nne zilizotupwa tangu swichi iwashwe mwaka juzi si kitu. Elfu nne zilizotupwa leo, zote saa mbili kamili, saa tatu kamili na saa nne kamili, ni barua iliyoandikwa jina la mtumaji. Na kabla hujaogopa soma kitabu cha swichi yako, kwa sababu ziko aina zinazohesabu baiti badala ya pakiti, na namba inayokufanya ukose usingizi inaweza kuwa picha moja ya harusi.

Mtaniambia, si tupime kwa ping, ile pakiti ndogo ya kuulizia kama mwenzako yupo? Pimeni, lakini mjue mnachopima. Ping moja kwa sekunde ina nafasi kama moja katika 200 ya kuangukia ndani ya ule mmwago wa milisekunde tano. Itarudi salama karibu mara zote, huku simu ya mganga mkuu inakatika. Tena ukiipigia ping swichi yenyewe, anayejibu ni ubongo wake mdogo wenye shughuli nyingi, ambao kujibu wapiga ping ni kazi yake ya mwisho. Ukichelewa kukujibu haimaanishi kwamba pakiti za watu hazipiti. Vivyo hivyo mnapofuatilia njia hatua kwa hatua: hatua ya katikati ikionyesha upotevu, na hatua zinazofuata mpaka mwisho haziuonyeshi, hakuna upotevu hapo.

Sasa swali linaloulizwa kila mahali: basi si tuongeze bafa? Ukumbi ukijaa, tujenge ukumbi mkubwa.

Wagiriki wa Kasenga, enzi za Wabelgiji, walikuwa na mashua na mitambo ya barafu, wakinunua samaki wa Mweru na Luapula kwa ajili ya wachimba madini wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Barafu iliwanunulia muda. Haikuwanunulia barabara. Samaki akikaa kwenye barafu kupita kiasi ataozea humo humo, ila safari hii ameoza kwa gharama. John Nagle aliliandika jambo hili 1985, kwa mitandao, katika waraka mfupi ambao kila fundi angefaa kuusoma. Aliuliza: je, swichi zingekuwa na kumbukumbu isiyo na mwisho, ingekuwaje? Jibu lake lilikuwa kwamba mtandao wa aina hiyo ukizidiwa, foleni moja ya wa kwanza kuja wa kwanza kutoka, na kila pakiti ina umri wake wa kuishi, utapoteza pakiti zote. Zote zitakuwa zimekufa kwa uzee ndani ya foleni kabla ya kufika zamu yao.

Miaka 25 baadaye Jim Gettys alikutana na jambo hilo nyumbani kwake Marekani, kwenye vifaa vya bei nafuu vilivyojazwa kumbukumbu nyingi kwa sababu kumbukumbu imekuwa rahisi. Pakiti zilikawia kutupwa, na simu hazikusikika, kwa kuwa sauti ilikuwa inasubiri kwenye foleni ndefu nyuma ya faili la mtu. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta njia waliyoiita CoDel, inayopima muda ambao pakiti imekaa foleni badala ya urefu wa foleni: kusubiri kukizidi milisekunde tano kwa muda bila kupungua, inaanza kutupa kwa makusudi. Dada yake, FQ-CoDel, imeandikwa rasmi katika waraka wa RFC 8290 wa 2018, na ruta ya bei ndogo yenye programu ya OpenWrt inayo tayari. Kwa ofisi yenye kiungo chembamba hapa ufukweni, hiyo ni dawa bora kuliko swichi ya bei ya lori. Hayo ni maoni yangu na nimegombana na wauzaji kwa ajili yake.

Nimesema inatupa kwa makusudi. Mzee mmoja pale nyuma amekunja uso. Mzee wangu, kutupa pakiti ni namna ya kusema. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, majengo yaliyo umbali usiofika mita 400, kiungo cha kilobiti 32 kwa sekunde kilianguka hadi biti 40. Biti arobaini, ungeweza kuzitembeza kwa mguu. Van Jacobson alipochunguza aliona kwamba kompyuta zilipopoteza pakiti zilirudia kutuma kwa nguvu ile ile, foleni ikazidi, zikapoteza zaidi, zikarudia zaidi. Marekebisho aliyoyachapisha 1988 yaliifundisha TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa data, adabu: ukiona pakiti imepotea, elewa kuna foleni mbele, punguza mwendo kwa nusu, kisha uongeze taratibu. Tangu siku hiyo pakiti iliyopotea ni habari inayorudi kwa mtumaji. Bila upotevu wowote TCP ingeendelea kukanyaga mafuta.

Adabu hiyo ina bei, na bei haiko sawa kwa kila njia. Mathis na wenzake waliipigia hesabu 1997: mwendo wa TCP unashuka kadiri safari ya kwenda na kurudi inavyorefuka, na kadiri kipeuo cha pili cha upotevu kinavyokua. Upotevu wa asilimia 1 kwenye njia ya milisekunde 20 unakuachia kama megabiti 7 kwa kila muunganisho. Asilimia 1 ile ile kwenye setilaiti iliyo juu kilomita 35,786, yenye safari ya milisekunde 600, inakuachia kama kilobiti 237. Ndiyo maana kliniki yenye setilaiti ya zamani inalia kwa upotevu ambao ofisi ya Kitwe isingeuona. Starlink, ambayo imo Zambia tangu Oktoba 2023, imeshusha setilaiti karibu na ardhi na kufupisha safari hiyo, lakini sahani moja inayogawiwa watu thelathini bado ni mlango mmoja wenye watu thelathini.

Nirudi kwenye zile megabiti 40 zilizosaidia wiki mbili, maana Zambia ina ushahidi wake mwenyewe. Macha ni kijiji cha Wilaya ya Choma, Mkoa wa Kusini, chenye hospitali na kituo cha utafiti wa malaria, na mtandao wake wa kijijini. Gertjan van Stam alikuwa mmoja wa wajenzi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California cha Santa Barbara waliusoma mtandao huo pakiti kwa pakiti. Mwaka 2011 walichapisha kwamba mzigo mkubwa ulikuwa wa wavuti, Facebook ikiongoza, na kwamba majirani wa kijiji kimoja walikuwa wakitumiana habari kupitia setilaiti. Ujumbe unapanda angani, unafika Ulaya au Marekani, unarudi angani, unateremka nyumba ya pili. Hebu fikiria mtu wa Kashikishi anayepeleka samaki kwa jirani yake kwa kuvuka Chembe mara mbili. Wakapendekeza seva iwekwe kijijini.

Kisha Macha ikaacha setilaiti ya kilobiti 256 ikapata kiungo cha ardhini cha megabiti 2, kama mara nane. Mariya Zheleva na wenzake walipima kabla na baada, na makala yao ya 2013 inataja dhana potofu katika jina lake, dhana potofu ya upana wa njia ulioongezwa. Mwanzoni hali ilikuwa bora. Baadaye ikazorota, kwa kuwa watu walizoea njia mpya wakaanza kuitumia kwa mambo mazito zaidi. Simlaumu mtu wa Macha. Daraja la Chembe lilipofunguliwa malori nayo yaliongezeka. Lakini bosi wa megabiti 40 angepaswa kuuliza kwanza ni mzigo gani unaofika mlangoni, na wa nani.

Basi niwape kisa cha kwangu, nipumzike. Ofisi siitaji jina. Iko ufukwe huu huu, ina kompyuta kama thelathini, seva moja, simu za intaneti, na redio ya kuelekea mnarani ambayo poti yake ni ya megabiti 100. Malalamiko: simu zinakatika asubuhi. Nilikuta waya mpya, swichi mpya, na fundi kijana wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba hajui kazi. Alikuwa anaijua. Hakuna aliyekuwa amemruhusu kusimama dakika mbili akasoma kaunta.

Tuliziandika kwa siku mbili. CRC sifuri kila poti. Zilizotupwa wakati wa kutoka, poti ya redio peke yake, mia kadhaa kila saa inapogonga, kisha kimya. Mtumaji alikuwa seva: mtu alikuwa ameipangia kutuma nakala ya kumbukumbu zake Lusaka kila saa kamili, na inapoanza inamwaga. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ilinishinda mpaka jioni, kwa sababu hata nakala ilipozimwa kwa majaribio pakiti chache ziliendelea kutupwa ambapo kwa hesabu yangu bafa ilitosha.

Kulikuwa na mtu mwema aliyesoma mahali kwamba simu zinahitaji kupewa kipaumbele, akawasha kipaumbele kwenye swichi nzima, akaishia hapo. Swichi nyingi ukifanya hivyo zinagawanya bafa ya kila poti mafungu. Kwenye Catalyst 2960 na 3750 za Cisco, kwa mfano, mpangilio wa kiwandani ni mafungu manne yaliyo sawa, robo robo, na mzigo wote usiopigwa chapa unaingia foleni moja. Yule mwema hakupiga chapa pakiti yoyote. Kwa hiyo simu, nakala, barua pepe na picha za harusi zilikuwa zimebanwa kwenye foleni moja yenye robo ya ukumbi, na robo tatu za ukumbi zilikaa karibu tupu zikisubiri wageni rasmi ambao hawakualikwa. Ni sawa na ukingo wa Chembe wenye njia nne, tatu zimewekewa kamba kwa ajili ya msafara, na msafara hauji.

Dagaa wenu wa chisense akishakaushwa anaweza kungoja wiki. Samaki aitwaye pale, akiwa mbichi, hawezi kungoja mchana mmoja. Tuligawa kwa akili hiyo. Simu zikapigwa chapa na kupewa foleni yao, fupi, inayotangulia. Sauti iliyochelewa haina kazi, afadhali itupwe. Mzigo uliobaki ukapewa sehemu kubwa ya bafa. Nakala ikahamishiwa saa nane usiku, na ruta ikaambiwa isiimwage kuelekea redio kwa kasi zaidi ya ile ambayo redio yenyewe inaimudu, ili foleni ijengeke mahali tunapoiona na kuitawala. Hatukununua kitu. Bosi alisikitika kidogo, nadhani, maana alikuwa na fungu la bajeti la swichi ya tatu.

Tukazifuta kaunta, tukaondoka. Nimepita tena leo asubuhi kabla ya kuja hapa. Kwa wiki nzima: foleni ya simu sifuri, foleni ya mzigo wa kawaida 212, karibu zote katika ile saa ya usiku nakala inapokwenda. Kijana wa Kilwa alikuwa amekwisha kuandika namba hizo kwenye daftari lake, na saa pembeni. Akaniuliza, "Baba, hizi 212 nazo tuzitafute?"

Nikamwambia hizo aziache. Ndizo zinazoiambia seva ipunguze mwendo.